Miwani yangu ni hasi 9 na naambiwa nina presha ya macho. Je, kutoona mbali kunaiharakisha glakoma?

Mshona Viua, Kibokoni

Assalam aleikum, habari za jioni nyote.

Nina miaka 44, nashona kofia za viua hapa Kibokoni tangu usichana wangu. Miwani nilianza kuvaa darasa la tano, na namba ikawa inapanda kila baada ya miaka miwili mitatu mpaka ikatulia nilipofika kama miaka 25. Sasa ni hasi 7.50 jicho la kulia na hasi 9 la kushoto. Bila miwani simtambui mwanangu akisimama mlangoni. Lakini nikishona naivua. Wanaozijua kofia hizi wataelewa: ni vijitundu vidogo kuliko mbegu ya ufuta, kila kimoja kimezungushiwa uzi, na kofia moja yanila mwezi na zaidi. Naileta karibu na uso, kiasi cha upana wa kiganja, na kila uzi nauona. Mashoga zangu wa rika langu ndio kwanza wanahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Mimi natunga hata kwa taa ya kibatari. Kwa hivyo sikuwahi kuyahesabu macho yangu kuwa mabovu.

Mwezi wa nne nilikwenda kubadilisha fremu iliyovunjika. Kijana wa miwani akanitazama ndani ya macho kwa kile kitochi chake, akanyamaza, akatazama tena, kisha akaniandikia karatasi: kamwone daktari wa macho, kikombe cha neva, yaani kile kishimo cha katikati ya neva ya jicho, ni kikubwa.

Kliniki ya kwanza (sitaitaja) walinipima presha, 17 kulia na 18 kushoto. Wakanipiga skani ya OCT, ile ya kupima nyuzi za neva nyuma ya jicho, karatasi ikatoka na rangi nyekundu juu na chini, macho yote mawili. Kisha wakaniketisha kwenye ile mashine ya kubonyeza kila ukiona kinuru. Nikaambiwa nivue miwani, haina haja. Vinuru vyenyewe nilikuwa naviona kama taa za meli kwenye ukungu, nikawa nabonyeza kwa kubahatisha. Mwisho daktari akasema hii ni glakoma, ndiyo hiyo presha ya macho inayoua neva, macho yote, dawa utatia maisha. Hazikupita dakika tano, nikatoka na chupa mbili.

Wiki mbili baadaye nikaenda kwa mwingine. Huyu akazitazama karatasi zile zile, akasema presha ya 17 na 18 ni ya kawaida, na neva yangu ina umbo hilo kwa kuwa jicho la asiyeona mbali ni refu. Nenda, urudi baada ya mwaka. Basi chupa mbili ziko kwenye mlango wa friji, hazijafunguliwa, na kila nikichukua maji naziona.

Kinachoninyima usingizi ni mamangu. Naye hakuwa akiona mbali. Alianza kupoteza nuru akiwa na miaka 55. Watu wakamwambia ni mtoto wa jicho, asubiri akomae ndipo atolewe. Akasubiri. Alipofikishwa hospitali, daktari akasema hapana mtoto wa jicho wa kutolewa, ni presha ya macho na neva zimekufa. Aliishi miaka 9 haoni. Chai hakukubali kumiminiwa na mtu. Mkono mmoja ushike birika, kidole cha shahada cha mkono wa pili akikalishe ndani ya ukingo wa kikombe, chai ikigusa kidole anaacha. Ncha ya kile kidole ilikuwa ngumu kama kwato kwa kuungua.

Na kuna jambo sijamwambia daktari yeyote. Wiki iliyopita, baada ya isha, nilikuwa na kofia mkononi, nikafumba jicho la kulia nikakikodolea kijitundu kimoja kwa la kushoto. Vijitundu viwili vitatu vilivyo juu yake, kuelekea upande wa pua, vikawa vimefifia, kama mtu aliyevipaka unga. Nikafumba la kushoto, vyote vipo. Nimerudia siku tatu. Ni vile vile, mahali pale pale.

Sasa naomba mnisaidie. Presha ikiwa ya kawaida mtu atakuwaje na presha ya macho? Huku kutoona mbali kwangu kutaufanya ugonjwa uende mbio kuliko kwa mwingine? Je, ni huu ushonaji unaoniharibu? Na zile chupa, nizifungue au nisizifungue?

Baba Nuru, Likoni

Waaleikum salaam dadangu. Mimi si daktari, ni mwalimu mstaafu, lakini nina hasi 8 macho yote mawili na glakoma mwaka wa 12 sasa.

Nilipoambiwa, sikuhisi chochote. Hakuna maumivu, hakuna wekundu, nasoma gazeti vizuri. Nikatia dawa miezi miwili, nikaona macho yaniwasha na pesa zaisha, nikaacha. Nilikaa miaka mitatu hivyo. Siku niliyojua ni siku ya kushuka feri upande wa Likoni. Ile rampu naipanda na kuishuka tangu utotoni. Kijana mwenye mkokoteni wa madafu akatokea kuliani kwangu kama aliyeota ardhini. Nilimvaa, madafu yakatawanyika, watu wakanishika mkono wakidhani nimelewa. Nilikuwa mzima kabisa, na miwani nimevaa. Kupimwa nikaambiwa jicho la kulia nusu nzima ya uwanja wa kuona imekwenda. Haikurudi na haitarudi.

Tangu hapo natia tone moja kila usiku, saa tatu, sijaruka. Presha ilikuwa 22, sasa inacheza 13 na 14. Kwa miaka 9 doa langu halijaongezeka. Namba yangu ya miwani ni ile ile hasi 8. Ndiyo maana mimi naamini ile miaka mitatu ya kuacha dawa ndiyo iliyonila, si namba.

Jambo moja la joto letu. Hizi dawa za jamii ya latanoprosti chupa ambayo haijafunguliwa hukaa friji. Ukishaifungua inataka isizidi nyuzi 25, na chumba changu mwezi wa pili kinapita 30. Kwa hivyo yangu hukaa kwenye friji mpaka iishe, na tarehe ya kuifungua naiandika kwa kalamu juu ya chupa. Ikifika wiki nne naitupa hata kama yamebaki matone.

Bint Tudor

Pole shoga yangu. Mjombangu alikuwa na shida hiyo hiyo, akawa anatia asali mbichi tone moja kila asubuhi, na anaona mpaka leo. Jaribu, haina madhara.

Mzee wa Kliniki

Binti yangu wa Kibokoni, nimesoma barua yako mara mbili. Nilikuwa afisa wa macho miaka 31, Kwale, Kilifi na hapa mjini, na sasa nimestaafu. Siwezi kukutibu kupitia simu, lakini naweza kukufafanulia yale ambayo hukupewa muda wa kufafanuliwa.

Kwanza Bint Tudor. Mamangu, najua umeandika kwa nia njema. Asali ya kienyeji ina vijidudu na jicho ni laini. Nimepokea watu wenye vidonda vya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa vitu vilivyotiwa machoni kwa nia njema. Na glakoma husogea polepole, mtu aweza kuona miaka mingi hata asipotia kitu, kisha shukrani ikaenda kwa asali.

Sasa tuje kwako. Jicho la kawaida lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. La hasi 9 aghalabu ni 26 au 27. Ngozi za jicho haziongezeki kwa sababu jicho limerefuka, zinavutwa tu. Na nyuma ya jicho pana mahali ambapo nyuzi za neva, milioni 1 hivi, hutoka kwenda kwenye ubongo. Hutoka kupitia kichujio chembamba chenye vitundu. Fikiria kifumbu cha kukamulia tui. Kifumbu kipya kilichosukwa vizuri kinahimili mkono wa mpishi miaka. Kichukue kingine, kivute pande zote mpaka kilegee na vitundu vipanuke, kisha kamua kwa nguvu ile ile. Ndiyo maana ya presha ya 18 kumuumiza mtu. Ile 10 hadi 21 tunayoiita kawaida ni hesabu iliyotokana na watu wengi pamoja. Kifumbu chako wewe hakikuulizwa. Glakoma ya presha ya kawaida ipo, na haikuanza kwako.

Tena 18 yenyewe huenda si 18. Kipimo kinasukuma konea, na konea nyembamba hukubali upesi, kipimo kikasoma chini ya ukweli. Wastani wa unene wa konea ni kama mikroni 540, yaani nusu milimita na kidogo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 uliona Wamarekani weusi kwa wastani wana konea nyembamba kuliko weupe. Ulipimwa unene? Sioni kwenye maelezo yako. Na aliyefanyiwa leza ya kuondoa miwani konea yake imepunguzwa kwa makusudi, huyo asisahau kusema kila akipimwa presha.

Daktari wako wa pili naye hakukosea yote. Neva ya jicho refu huingia kwa mshazari, imelala upande, pembeni ina weupe kama mwezi mchanga, na kikombe hakina ukingo wa kueleweka. Hata bingwa hutofautiana na bingwa mwenzake akiitazama mara moja. Na ile nyekundu ya skani: mashine hulinganisha unene wa nyuzi zako na watu wazima wa afya waliowekwa kwenye kumbukumbu yake, na wenye namba kubwa kama yako humo ni wachache au hawamo kabisa. Katika jicho refu vifurushi vya nyuzi husogea kuelekea upande wa sikio, mashine ikivitafuta juu na chini mahali ilipovizoea haivikuti, yapaka rangi nyekundu. Nimewaona watu wenye nyekundu ya namna hiyo ambao hawana glakoma.

Lililonikera mimi ni kuvuliwa miwani kwenye mashine ya vinuru. Ni kweli miwani yako mwenyewe huvuliwa, lakini badala yake huwekwa lenzi ya mashine iliyopigiwa hesabu ya jicho lako na umri wako. Mtu wa hasi 9 bila lenzi anaona ukungu, na karatasi itatoka na giza kila mahali. Kipimo kile usikihesabu, kwa upande wowote.

Nitakusimulia wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa kike, hasi 11. Kila aliyemtazama alisema glakoma. Lakini alikuwa na picha ya neva aliyopigwa akiwa kijana, akaitunza ndani ya Msahafu. Tukaiweka kando ya picha mpya, miaka 12 baadaye. Hakuna mshipa uliohama. Vipimo vyake vya vinuru vilikuwa vile vile mwaka hadi mwaka. Hakuhitaji dawa. Wa pili ni nahodha wa jahazi, hasi 3 tu, presha yake sikuiona ikipita 19 hata siku moja. Yule alikuja kila mwaka akisema dira inamhangaisha, herufi zinakatika. Tulichelewa kwa sababu tuliangalia presha na hatukumsikiliza. Nikikuelezea haya moyo wangu bado unaniuma.

Kuhusu mbio. Watu huchanganya mambo mawili. Kupata glakoma ni jambo moja, na hapo jawabu ni wazi: asiyeona mbali yumo hatarini zaidi, na namba ikipanda hatari yapanda nayo. Utafiti wa Blue Mountains kule Australia, 1999, ulikuta wenye namba ndogo wana glakoma kama mara 2 ya wasio nayo, na kuanzia hasi 3 kwenda juu kama mara 3. Lakini ukishakuwa nayo, mwendo wake ni jambo jingine, na hapo tafiti hazikubaliani. Uswidi walifuatilia wagonjwa wapya miaka mingi wakatafuta kinachoharakisha. Wakakuta presha kubwa, umri mkubwa, uharibifu uliokuwapo tangu mwanzo, na vitone vya damu ukingoni mwa neva. Kutoona mbali hakukutokea. Wako hata wagonjwa vijana wenye namba kubwa ambao doa lao limekaa palepale miaka, jicho likiisha kurefuka. Katika utafiti huo huo kila kizio kimoja cha presha (milimita ya zebaki) kilichoshushwa kilipunguza hatari ya kuendelea kwa kama asilimia 10. Kwa hivyo Baba Nuru kasema kweli: namba huwezi kuirudisha, presha waweza.

Ila hili usilipuuze. Kwa macho marefu doa hupenda kuanza karibu na kitovu cha kuona, pale unaposomea na kushonea, wakati kwa wengine huanza pembeni. Ulichokiona kwenye kofia, jicho moja, mahali pamoja, siku tatu, chanitosha mimi kukuambia usingoje mwaka. Nenda wiki hii kwa daktari bingwa mwenye subira, mweleze habari ya vijitundu kama ulivyotueleza sisi, na uombe kipimo cha vinuru kwa lenzi sahihi, kirudiwe baada ya wiki kadhaa. Kipimo cha kwanza ni cha kujifunza tu. Chukua karatasi zako zote, hata mbovu. Jicho kama lako haliamuliwi kwa picha moja, linaamuliwa kwa picha mbili zenye miaka kati yake.

Ushonaji hauna lawama. Shona.

Chupa usizifungue mpaka huyo daktari azione, na umwambie kama una pumu. Timololi, mojawapo ya matone ya glakoma, ni hatari kwa mwenye pumu. Na siku yoyote ukiona mimweko kama radi, mavumbi meusi ghafla, au pazia linashuka, hiyo si glakoma, huenda ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, inabanduka, na macho marefu ndiyo yanayobanduka zaidi. Hapo ni siku hiyo hiyo, usilale nayo.

Nina swali moja. Je, wewe au mtu wa nyumba yako mnatumia dawa ya kutuliza macho yanayowasha, ya kununua dukani?

Umm Salim, Majengo

Samahanini naingilia. Na Ramadhani dawa hizi mwafanyaje?

Baba Nuru, Likoni

Umm Salim, yangu ni ya usiku, haikutani na saumu. Wenye kutia asubuhi na jioni, nilimuuliza imamu wetu akaniambia kwa madhehebu yetu ya Kishafii kutia kitu machoni, kama wanja, hakufunguzi, jicho si njia wazi ya kwenda ndani. Na ukibana kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili baada ya kutia, dawa haishuki kooni sana. Hilo la kubana hata daktari aliniambia.

Mshona Viua, Kibokoni

Mzee wangu, Mungu akuweke. Nimesoma nikilia na nikishukuru.

Mimi pumu sina. Dawa ya kuwasha situmii, lakini binti yangu anatumia. Ana miaka 12, kila upepo wa kusi ukianza na vumbi, anasugua macho mpaka kope zavimba. Tulipewa dawa miaka miwili iliyopita, ikamsaidia siku ile ile, tangu hapo tunanunua wenyewe chupa ile ile. Imeandikwa deksamethasoni. Naye miwani yake ni hasi 4.

Mzee wa Kliniki

Binti yangu, kesho asubuhi. Mtangulize yeye kabla yako.

Hiyo ni steroidi. Inatuliza kuwasha kuliko kitu chochote, ndiyo maana watu huipenda, lakini kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho, na wasioona mbali na wenye glakoma kwenye ukoo wamo miongoni mwa wanaopanda zaidi. Mtoto hatakuambia kitu, haiumi. Usiogope zaidi ya inavyostahili: mara nyingi ikiachishwa mapema presha hushuka yenyewe. Lakini isiachishwe wala isibadilishwe kwa kubahatisha, daktari ndiye ampange na ampe dawa nyingine ya mzio. Chukua hiyo chupa mkononi.

Na akipata nafuu, atoke nje acheze mchana, saa mbili kwa siku akiweza. Kwa watoto mwanga wa nje umeonekana kuchelewesha kuanza kwa kutoona mbali. Kwake keshaanza, lakini kama ana wadogo zake, hao watoke naye.

Mshona Viua, Kibokoni (miezi mitano baadaye)

Assalam aleikum. Niliahidi moyoni kurudi.

Binti yangu presha ilikuwa 31 na 29. Daktari alipoandika zile namba alizizungushia duara, kisha akaniuliza dawa ameitumia muda gani, nikashindwa kujibu. Akamtazama neva muda mrefu. Akasema bado ni nzima, tumewahi. Amebadilishiwa dawa, akatiwa ya kushusha kwa muda, na wiki iliyopita ni 16 na 16, bila dawa ya presha. Anasugua macho bado. Tunamwekea kitambaa cha maji baridi, na mazulia nimeyaondoa chumbani mwake.

Mimi nilipata daktari aliyenikalisha saa nzima. Unene wa konea zangu ni mikroni 498 na 495. Akasema kwa hivyo ile 18 nisiiamini sana. Kwenye mashine ya vinuru walinipimia lenzi, wakaifuta, wakaiweka, na kwa mara ya kwanza nikaona vinuru kama vinuru. Jicho la kulia halina kitu. La kushoto lina doa dogo jeusi juu kidogo ya kitovu, upande wa pua. Aliponionyesha karatasi nilitoa kofia kwenye mkoba nikamwonyesha mahali. Akaitazama kofia, akaitazama karatasi. Tukarudia baada ya wiki sita, doa liko pale pale.

Kwa hivyo jawabu limekuwa katikati ya wale wawili: kushoto ni glakoma ya mapema, kulia ni umbo la jicho tu, tutalichunga kila miezi minne. Kushoto natia tone moja usiku. Chupa moja kati ya zile mbili ndiyo hiyo hiyo aliyoitaka, ya pili ilikuwa timololi, akaitia kando. Presha imeshuka hadi 13. Aliniambia pia kuhusu leza ya kufungua njia ya maji ya jicho, ikiwa siku moja dawa itanishinda. Akanitajia utafiti uliofanywa Moshi, hospitali ya KCMC, uliotoka 2021: baada ya mwaka leza ilifaulu kwa macho 61 katika 100, na matone ya timololi 31 katika 100. Nilifurahi kusikia jambo lililopimwa kwa watu kama sisi, hapo tu kupita Taveta.

Karatasi zote, hata ile mbovu ya kwanza, nimezitia kwenye bati la biskuti pamoja na nyuzi zangu, na picha za neva nimeomba nakala. Kila moja nimeiandika tarehe mgongoni.

Mzee wangu, nina kakangu mmoja, yuko Malindi, mkubwa kwangu kwa miaka sita. Hajawahi kuvaa miwani, anaona jahazi kabla ya watu wote pwani. Anasema ugonjwa huu ni wa sisi wenye macho ya mama. Daktari ameniambia ndugu wa damu lazima apimwe, awe na miwani au asiwe nayo.

Mzee wa Kliniki

Mlete. Mwenye kuona jahazi mbali ndiye huja akiwa amechelewa, kwa kuwa hana sababu ya kwenda hata kwa fundi wa miwani. Wewe fremu iliyovunjika ndiyo iliyokupeleka.

Mshona Viua, Kibokoni

Nimemtumia nauli leo. Anashuka Jumatatu usiku, Jumanne saa mbili tuko kwenye foleni.